Milio ya tahadhari katika kompyuta za wapiga mbizi: Msaada au kero?

MLIO mwembamba unasikika chini ya maji, mara tatu mfululizo, kisha unakatika. Watano kati ya wapiga mbizi sita walio kando ya ukuta wa matumbawe wanainua mikono na kutazama vifaa vilivyofungwa viganjani mwao. Kila mmoja anaona kwamba si chake. Wa sita, ambaye ndiye mwenye kifaa kinacholia, amevaa kofia nzito ya mpira iliyofunika masikio, na anaendelea kupiga picha.

Kisa cha namna hiyo hakimshangazi mtu aliyezoea kuzama katika kundi. Ndicho kinachoibua swali ambalo limekuwa likiwagawa wapiga mbizi tangu kompyuta za mkononi zilipoanza kuuzwa kwa watu wa kawaida: je, mlio wa tahadhari unamsaidia kweli mtu aliye chini ya maji, au ni kelele tu inayowasumbua wenzake?

Kompyuta ya mbizi ni kifaa kidogo, mara nyingi chenye ukubwa wa saa ya mkononi au kikubwa kidogo kuliko hapo. Ndani yake mna saa na kipimo cha mgandamizo wa maji. Kwa kuwa kila mita 10 za bahari huongeza mgandamizo unaokaribia kulingana na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, kifaa hicho hutambua kina alichopo mvaaji kila baada ya sekunde chache. Kutokana na kina hicho na muda uliopita, hukadiria kiasi cha nitrojeni kilichoyeyuka katika damu na nyama za mwili, na kumwonyesha mvaaji dakika alizobakiwa nazo kabla ya kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda.

Hesabu hizo zina asili ya zamani. Mwaka 1908 mwanasayansi wa Uingereza, John Scott Haldane, pamoja na wenzake Boycott na Damant, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa kuwaingiza mbuzi katika chumba cha mgandamizo na kuwatoa kwa kasi mbalimbali. Walionyesha kwamba mnyama akitolewa haraka mno, nitrojeni iliyoyeyuka mwilini hugeuka mapovu, kama chupa ya soda inavyofanya ikifunguliwa ghafla, na mapovu hayo huleta maumivu ya viungo, kupooza na hata kifo. Hayo ndiyo maradhi ya mgandamizo. Baadaye Albert Bühlmann wa Zurich, Uswisi, alizipanua hesabu hizo, na nyingi kati ya kompyuta za leo hutumia hesabu zake au zilizotokana nazo. Mwaka 1983 kompyuta za kielektroniki, ikiwamo Orca Edge ya Marekani, ziliingia sokoni, na polepole majedwali ya karatasi yakaanza kubaki nyumbani.

Pamoja na hesabu ukaja mlio. Kompyuta ya kawaida hulia mvaaji anapopanda kwa kasi kuliko inavyoruhusiwa, anapopita kina alichojiwekea, anapokaribia kumaliza dakika zake, anapopita kituo alichopaswa kusimama, na, kama imeunganishwa na mtungi, hewa inapopungua. Nyingine hulia pia oksijeni inapofikia kiwango cha hatari. Ukizijumlisha, kifaa kimoja kina sababu sita, saba au zaidi za kupiga kelele, na mara nyingi kwa sauti ile ile au zinazofanana mno.

Ugumu wa kwanza ni wa maumbile. Sikio la binadamu limeumbwa kwa ajili ya hewa. Hewani sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, na ubongo hutambua upande inakotoka kwa kulinganisha tofauti ndogo mno ya wakati kati ya kufika kwake sikio la kulia na la kushoto. Ndani ya bahari sauti husafiri mita zipatazo 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya ile kasi ya hewani. Tofauti kati ya sikio na sikio hupungua kiasi kwamba ubongo hushindwa kuitumia. Isitoshe, sehemu kubwa ya sauti chini ya maji haipiti katika tundu la sikio kama kawaida, bali hupenya mifupa ya fuvu na kufika masikio yote mawili karibu kwa pamoja. Matokeo yake ni kwamba mlio huonekana kutoka kila upande, au hata kutoka ndani ya kichwa chenyewe. Mtu anaweza kuusikia vizuri kabisa na asijue kama ni wa kwake au wa mwenzake aliye mita tano nyuma yake.

Kofia ya mpira huongeza tatizo. Mpira wa suti za mbizi umejaa vipovu vya gesi, na vipovu hivyo, ambavyo kazi yake ni kuzuia baridi, huzuia pia sauti, hasa zile nyembamba. Kwa bahati mbaya vipaza sauti vidogo vya kompyuta hutoa milio hiyo hiyo myembamba, ya maelfu ya mitetemo kwa sekunde, kwa sababu ndiyo inayotoka kirahisi katika kidude kidogo kisichokula betri. Ni milio hiyo hiyo pia ambayo masikio ya binadamu huanza kuipoteza umri unapopanda, na mchezo huu wa gharama kubwa una wafuasi wengi waliokwishavuka miaka 50.

Kuna kelele nyingine ambayo watengenezaji hawawezi kuiondoa, nayo ni pumzi. Kila mara mpiga mbizi anapotoa hewa, mapovu hupita kando ya masikio yake kwa mngurumo. Aliyetulia hupumua polepole na kupata vipindi virefu vya ukimya kati ya pumzi na pumzi. Aliyetaharuki huhema mfululizo. Basi wakati ule ambao mlio ungemfaa zaidi ndio wakati ambao masikio yake yamejaa makelele.

Katika pwani ya Afrika Mashariki hali ni tofauti kidogo. Maji huwa na joto la nyuzi 25 hadi karibu 30, watu huzama kwa suti nyepesi, na kofia za mpira ni nadra. Huko mlio husikika bila shida. Linalobaki ni kwamba husikika na kila mtu.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa pili, ambao pengine ni mkubwa kuliko wa kwanza. Mlio husema kwamba kuna jambo. Hausemi ni jambo gani wala linamhusu nani. Ili kujua, ni lazima mtu atazame kioo. Na kama ni lazima atazame kioo, basi aliyekuwa akikitazama tangu mwanzo hakuhitaji mlio, na asiye na tabia ya kukitazama huenda asielewe anachokiona atakapokitazama kwa hofu. Wanaoupinga mlio hutegemea hoja hii zaidi ya nyingine yoyote, na si hoja ya kupuuzwa.

Mfano wa kuhuzunisha wa mlio usioeleweka umetokea mbali na bahari. Agosti 14, 2005, ndege aina ya Boeing 737 ya shirika la Helios la Saiprasi iliruka kutoka Larnaca kuelekea Athens na Prague huku swichi ya kurekebisha hewa ndani ya ndege ikiwa imeachwa katika hali isiyo sahihi. Ilipokuwa ikipanda, honi ya tahadhari ililia kuwaarifu marubani kwamba hewa ndani ya ndege inazidi kuwa nyepesi. Lakini honi hiyo hiyo, kwa sauti hiyo hiyo, hutumika pia ardhini kuonya kwamba ndege haijapangwa sawasawa kwa ajili ya kuruka. Marubani waliielewa kwa maana hiyo ya pili, wakahangaika na jambo lisilokuwepo hadi upungufu wa oksijeni ulipowapotezea fahamu. Watu wote 121 waliokuwamo walikufa ndege ilipoanguka karibu na Grammatiko, Ugiriki. Marubani hao walikuwa na mafunzo ya miaka. Mtalii mwenye cheti cha wiki moja, aliye katika kina cha mita 30 na kifaa cha kukodi mkononi, ana sababu nyingi zaidi za kuchanganya mlio na mlio.

Ugumu wa tatu ni mazoea. Kitu kinachopiga kelele kila mara hatimaye hakisikiki. Hospitali zimelijua hilo kwa gharama kubwa. Aprili 2013 Joint Commission, taasisi ya Marekani inayokagua ubora wa hospitali, ilitoa tahadhari rasmi kuhusu ving'ora vya mashine za wagonjwa: kati ya Januari 2009 na Juni 2012 ilikuwa imepokea taarifa za matukio 98 yaliyohusiana na ving'ora hivyo, 80 kati yake yakiwa yameishia katika kifo. Taasisi hiyo ilieleza kuwa inakadiriwa kati ya asilimia 85 na 99 ya milio hiyo haikuhitaji hatua yoyote. Wauguzi walikuwa wameizoea, wengine wakaipunguza sauti, wengine wakaizima.

Chini ya maji mazoea huja kwa njia ya kuchekesha kidogo. Kompyuta haijui kasi ya mwili. Inajua kasi ya mkono ulioibeba. Mpiga mbizi anapotaka kutoa hewa katika jaketi lake la kuelea, huinua mkono wa kushoto juu ya kichwa akiwa ameshika bomba la jaketi, na kompyuta iliyofungwa kwenye mkono huo huona imepanda karibu mita nzima kwa sekunde moja. Inalia. Mwenyewe hajasogea. Baada ya kulia hivyo mara ishirini katika mbizi tano, mlio wa ishirini na moja, hata ukiwa wa kweli, haumgeuzi mtu shingo.

Kuna pia kutoafikiana kwa vifaa vyenyewe. Kasi inayokubalika ya kupanda haikushuka kutoka mbinguni. Miaka ya 1950 Jeshi la Majini la Marekani liliamua iwe mita 18 kwa dakika, na uamuzi huo ulikuwa maafikiano kati ya makomandoo wa majini, waliotaka kupanda upesi zaidi, na wapiga mbizi wa kofia za chuma, ambao kwa uzito wa mavazi yao wasingeiweza kasi hiyo. Mwaka 1993 jeshi hilo hilo likaipunguza hadi mita 9 kwa dakika. Kompyuta nyingi za sasa hukaa karibu na kiwango hicho kipya, baadhi zikibadili kikomo kulingana na kina. Watu wawili wanaopanda bega kwa bega wanaweza kwa hiyo kuwa na vifaa viwili, kimoja kikilia na kingine kikiwa kimya, na vyote viwili vikiwa vinafanya kazi sawasawa.

Kwa hoja hizo ingeonekana kwamba mlio uzimwe moja kwa moja. Hata hivyo, kuna mambo ambayo mwili wa binadamu hauna njia ya kuyahisi, na hapo ndipo mlio unapopata kazi yake halali.

La kwanza ni hiyo kasi ya kupanda, hasa katika mita 10 za mwisho. Katika kina hicho mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu ya maji. Kwa hiyo hewa iliyomo mapafuni na katika jaketi huongezeka maradufu kati ya hapo na usoni pa bahari. Jaketi likitanuka humvuta mtu juu, na kadiri anavyopanda ndivyo linavyozidi kutanuka. Akiwa mbali na mwamba, katika maji ya buluu yasiyo na kitu cha kulinganisha, macho hayamwambii chochote. Anayeanza hudhani ametulia kumbe anapaa. Kwa mtu kama huyo, ambaye wakati huo huenda anahangaika na barakoa iliyoingia maji au anamtafuta mwenzake, mlio mmoja unaweza kumfanya atoe hewa katika jaketi kabla hajachelewa. Hata wapiga mbizi wakongwe wanaodharau milio mingine husita kuuzima huu.

La pili ni kina mahali pasipo na sakafu. Magharibi mwa Pemba, katika maeneo ya Misali na kaskazini yake, kuta za matumbawe huteremka karibu wima kuelekea mkondo unaotenganisha kisiwa hicho na bara, ambao kina chake ni mamia ya mita. Maji ni safi, mwanga ni mwingi, na ukuta wa mita 40 hauonekani tofauti sana na ule wa mita 20. Mikondo ya maji mahali pengine huvuta kuelekea chini. Zaidi ya hayo, kuanzia mita 30 hivi nitrojeni huanza kulevya, na mlevi huyo wa baharini, kama wa nchi kavu, huwa na imani kubwa kwamba yuko salama. Mlio uliowekwa katika mita 30 kabla ya kuingia majini ni uamuzi uliofanywa na mtu mwenye akili timamu kwa niaba ya mtu ambaye baadaye huenda asiwe nazo.

La tatu ni oksijeni. Wapiga mbizi wengi siku hizi hutumia hewa iliyoongezwa oksijeni, maarufu kama naitroksi, ili kupunguza nitrojeni. Lakini oksijeni nayo ikigandamizwa kupita kiasi huwa sumu kwa ubongo na huleta degedege, na mwenye degedege chini ya maji hutemea kifaa chake cha kupumulia na kuzama. Kikomo kinachofundishwa kwa mbizi za kawaida ni 1.4, kwa kipimo ambacho hewa nzima ya usawa wa bahari huhesabiwa takriban 1. Kwa mchanganyiko wenye asilimia 32 ya oksijeni, kikomo hicho hufikiwa katika mita 33 hivi. Degedege linaweza kuja bila dalili yoyote ya awali. Mwili haupigi hodi; afadhali kifaa kipige.

Hewa ya mtungi ni jambo la aina nyingine, ingawa ndilo ambalo watu wengi hulifikiria kwanza. Askari wa zimamoto anayeingia katika moshi amebeba filimbi inayolia mtungi unapokaribia kwisha, na anaihitaji, kwa kuwa mara nyingi haoni hata mkono wake. Mpiga mbizi kwa kawaida ana geji na ana macho. Kabla ya geji kuenea, wapiga mbizi walitumia mitungi yenye vali ya akiba: hewa ikipungua, kuvuta pumzi kulikuwa kugumu, kisha mtu akavuta waya na kupata hewa kidogo ya kumfikisha juu. Ilikuwa tahadhari ambayo hakuna aliyeweza kuipuuza. Lakini waya ule ulipogonga kitu na kushuka bila mwenyewe kujua, akiba ilikwisha pamoja na mtungi, na tahadhari haikuja kabisa. Anayengoja mlio umwambie kwamba geji imefika 50 yuko katika hali ile ile ya kutegemea waya. Geji hutazamwa kila baada ya dakika chache, iwe imelia au haijalia.

Kuna tofauti, basi, kati ya mlio unaomwambia mtu jambo asiloweza kulijua na mlio unaomkumbusha kazi aliyopaswa kuifanya. Wa kwanza ukibaki peke yake, huwa nadra, na kwa kuwa ni nadra husikilizwa. Wa pili ukiachwa uchanganyike nao, humeza wa kwanza.

Baadhi ya watengenezaji wamejaribu njia nyingine. Kompyuta ya Peregrine ya kampuni ya Shearwater, iliyotoka mwaka 2020, hutikisika mkononi bila kutoa sauti, kama simu iliyozimwa mlio. Mtikisiko una faida moja kubwa: hauna utata wa nani. Anayeuhisi ndiye anayehusika, na wenzake watano wanaendelea kutazama samaki. Upungufu wake ni kwamba huhisika kwa shida juu ya suti nene, na hula betri kuliko mlio. Wanaotumia mitambo ya kupumulia inayosafisha na kurudisha hewa ile ile, ambao kosa la dakika moja linaweza kuwaua, huwekewa taa ndogo mbele ya jicho, ambayo huonekana hata wakati mikono ina kazi.

Kwa mwenye kompyuta ya kawaida, mengi huamuliwa kabla ya kuingia majini. Karibu kila kifaa huruhusu milio ya kina na ya muda kuwashwa, kuzimwa au kubadilishwa kikomo, ila ile ya kasi ya kupanda na ya kituo kilichorukwa huwa haizimiki katika aina nyingine. Mipango ya kiwandani huwa na tahadhari nyingi kuliko mtu mmoja anavyohitaji. Dakika tano za kusoma kijitabu chumbani hugeuza kifaa cha kelele kuwa kifaa cha maana. Vilevile si vibaya kundi likasikilizana milio hapo hapo mashuani, kila mmoja akibonyeza cha kwake, ili kiongozi ajue ni kifaa gani hulia namna gani.

Anayekodi ana kazi ya ziada. Kompyuta aliyokabidhiwa ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine jana, naye huenda aliweka mlio wa kina katika mita 18 kwa kuwa alikuwa mwanafunzi, au alikwenda nje ya kikomo na kifaa kikajifunga, kama vinavyofanya vingine, kwa muda wa saa 24 au 48 kikikataa kupiga hesabu. Huenda pia kimebaki katika mpango wa naitroksi ilhali mtungi wa leo una hewa ya kawaida. Hayo yote huonekana katika kioo kabla boti haijang'oa nanga, na aliyekodisha ndiye wa kuulizwa, pamoja na swali la mwisho ambalo wageni husahau kuliuliza: betri hii ilibadilishwa lini?